Mstari Huishia Wapi?

Fungua kihariri chochote cha maandishi kwenye kompyuta. Andika Tanga, bonyeza kitufe cha Enter, andika Moshi, bonyeza Enter tena, kisha hifadhi. Kwenye kioo utaona mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Ndani ya faili hakuna juu wala chini. Kuna safu moja tu ya namba, kila moja kati ya 0 na 255, zimefuatana kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kila namba huitwa baiti. Ukiwa umehifadhi faili hilo kwenye Linux, kwa kawaida safu yenyewe ni hii:

84 97 110 103 97 10 77 111 115 104 105 10

Ni baiti 12. Hiyo 84 ni T kubwa, 97 ni a ndogo (ndiyo maana imejitokeza mara mbili katika Tanga), 110 ni n, 103 ni g. Kisha inakuja 10, ambayo si herufi. Hiyo ndiyo alama ya kwamba mstari umekwisha. Kihariri kikiifikia, hakiichori kwenye kioo. Kinahamia chini na kuanza upya upande wa kushoto. Sasa fanya kazi hiyohiyo kwa Notepad kwenye Windows, ukikiacha kihifadhi kama kilivyozoea, na utapata baiti 14:

84 97 110 103 97 13 10 77 111 115 104 105 13 10

Kila 10 imetanguliwa na 13. Tunachotaka ni skripti, yaani programu fupi, itakayopokea faili la namna yoyote na kulitoa likiwa na 10 peke yake mwishoni mwa kila mstari. Kazi yenyewe inaonekana kama ya dakika moja, na kweli inaweza kuandikwa kwa dakika moja. Ila kuiandika vizuri kunataka tujue kwanza hiyo 13 ilifikaje hapo, kwa sababu ukifikiri ni uchafu tu utaifuta hata mahali ilipo na kazi.

Mwaka 1963 Marekani ilitoa toleo la kwanza la ASCII, orodha rasmi inayoipa kila herufi namba yake. Mwaka huohuo ikaja Model 33 ya kampuni ya Teletype, mashine ya kupiga chapa inayopokea namba hizo kupitia waya na kuzichapa karatasini. Herufi zilichapwa na kichwa kinachosogea kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari ukijaa, kulikuwa na kazi mbili za kufanya: kichwa kirudi kushoto, na karatasi ipande hatua moja. Kazi hizo zilifanywa na sehemu mbili tofauti za mashine, kwa hiyo zilihitaji amri mbili. Namba 13 ilimaanisha rudi. Namba 10 ilimaanisha shuka. Ukituma 13 peke yake, kichwa kinarudi na kuchapa tena juu ya mstari uleule. Ukituma 10 peke yake, maneno yanaendelea mstari wa chini kuanzia usawa ule yalipoishia, na ukurasa unashuka kama ngazi.

Kwa nini rudi itangulie shuka? Model 33 ilichapa herufi 10 kwa sekunde. Kila baiti, basi, ilikuwa na moja ya kumi ya sekunde, na kichwa kilichofika ukingo wa kulia hakikuweza kurudi hadi kushoto kwa muda mfupi kiasi hicho. Amri ya kurudi ikitumwa kwanza, kichwa kinaanza safari. Amri ya kushuka inapofika, karatasi inapanda wakati kichwa bado kiko njiani. Ikija herufi inayofuata, kichwa kimeshapata muda wa baiti mbili. Ukigeuza mpangilio, herufi ya kwanza ya mstari mpya inaweza kuchapwa katikati ya karatasi. Amri hizo mbili zenyewe ni za zamani kuliko kompyuta: Donald Murray, mzaliwa wa New Zealand, aliziingiza kwenye msimbo wake wa simu za maandishi mwanzoni mwa karne ya 20.

Baadaye waliounda mifumo ya kompyuta kila mmoja alichukua njia yake. Wa Multics, na baada yao wa Unix iliyoanza mwaka 1969 huko Bell Labs, walisema faili lihifadhi alama moja tu, 10, na programu inayozungumza na mashine ya chapa ndiyo iongeze 13 wakati wa kuchapa. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote, kwa sababu mwendo wa kichwa cha mashine fulani haukuwa na sababu ya kukaa ndani ya maandishi ya mtu. Gary Kildall, aliyeandika CP/M mwaka 1974, alibaki na zote mbili, 13 na 10. MS-DOS ikarithi mwaka 1981, Windows ikarithi kwa MS-DOS. Macintosh ya mwaka 1984 ikachukua 13 peke yake, na ikakaa nayo mpaka Mac OS X ya mwaka 2001 ilipohamia kwenye 10. Kompyuta kubwa za IBM zilikuwa na alama yao nyingine kabisa, lakini hizo tuziache.

Hata hivyo si haki kusema 13 ni ukaidi wa Windows. Kanuni ya barua pepe ya mwaka 1982 ilitaka kila mstari uishie kwa 13 na 10, na hadi leo barua inayotoka Mombasa kwenda Muscat husafiri hivyo, hata kama kompyuta zote mbili ni za Linux. Mafaili ya majina ya simu yanayohamishwa kutoka simu moja hadi nyingine, yale ya vCard, nayo yanataka 13 na 10 kwa mujibu wa kanuni zao. Skripti yetu isipelekwe kwenye mafaili kama hayo.

Basi 13 inasumbua wapi? Chukua skripti ya bash iliyoandikwa kwenye Windows na kupelekwa kwenye seva ya Linux. Mstari wake wa kwanza unasomeka #!/bin/bash, na hapo Linux huchukua kila kinachofuata #! mpaka 10 kuwa jina la programu ya kuendesha. Kwa hiyo inatafuta programu iitwayo bash ikiwa na 13 mkiani. Programu hiyo haipo duniani, na jibu linalokuja ni kwamba faili halipatikani, huku mwenye nalo analiona mbele ya macho yake. Au chukua orodha mbili za miji, moja kutoka Windows na nyingine kutoka Linux, uziambie zilinganishwe. Tanga moja ina baiti 5 na nyingine ina 6. Kwa jicho ni neno moja. Kwa kompyuta ni maneno mawili yasiyojuana. Tena kwenye dirisha la amri 13 bado inafanya kazi yake ya enzi za Teletype: inarudisha alama ya kuandikia mwanzo wa mstari. Ukichapa Tanga yenye 13, ikifuatiwa na nafasi na neno ipo, ulichotegemea ni «Tanga ipo». Unachoona ni nafasi na «ipoa», kwa sababu nafasi na herufi tatu zimefunika Tang na kuiacha a ya mwisho imening'inia.

Kabla ya kutibu, tazama. Kwenye Linux amri od -c orodha.txt huonyesha baiti moja moja, na 13 hujitokeza kama \r wakati 10 hujitokeza kama \n. Lugha ya Python hutumia alama hizohizo, nasi tutaitumia hapa. Faili lifunguliwe hivi:

data = open("orodha.txt", "rb").read()

Ile b ndani ya "rb" ndiyo yenye uzito. Inaiambia Python itupe baiti kama zilivyo. Ukiiacha, Python itajifanya msaidizi: itasoma 13-10, 10 na 13 pweke, na zote itakuletea kama 10 bila kusema neno. Ni hisani nzuri siku nyingine zote, ila leo itatuficha kitu kilekile tulichokuja kukitafuta.

Sasa kanuni. Wengi huanza kwa kufuta kila 13. Kwenye faili la Windows inafanya kazi sawasawa. Kwenye faili la Macintosh ya zamani, ambamo 13 ndiyo mwisho wa mstari peke yake, unabaki na TangaMoshi, orodha nzima imekuwa neno moja. Wengine hugeuza kila 13 kuwa 10. Macintosh ya zamani inapona, lakini 13-10 ya Windows inakuwa 10-10, na kila mstari unafuatwa na mstari mtupu. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja: kuiangalia baiti bila kuangalia jirani yake. Hiyo 13 haina maana moja. Ikifuatwa na 10, hizo mbili ni mwisho mmoja wa mstari. Isipofuatwa na 10, yenyewe ni mwisho wa mstari. Kwa hiyo tunashughulika na jozi kwanza, na zile pweke baadaye:

data = data.replace(b"\r\n", b"\n")
data = data.replace(b"\r", b"\n")

Mistari hii miwili ndiyo moyo wa skripti. Ibadilishe nafasi, na utarudi kwenye mistari mitupu.

Angalia sifa moja ya kanuni hii. Ikishapita, hakuna 13 iliyobaki. Ukiiendesha tena juu ya faili lilelile, haina cha kugusa. Mara moja au mara ishirini, matokeo ni yaleyale. Sifa hiyo si pambo, maana skripti za namna hii huendeshwa juu ya folda nzima ambamo nusu ya mafaili yalishageuzwa wiki iliyopita na hakuna anayekumbuka ni yapi. Linganisha na safari ya kinyume, kutoka Linux kwenda Windows. Ukisema tu kila 10 iwe 13-10, faili ambalo tayari ni la Windows litatoka na 13-13-10. Liendeshe tena, ni 13-13-13-10. Tiba ni kutokuanzia pale ulipokuta faili: lirudishe kwanza kwenye 10 tupu kwa mistari yetu miwili, ndipo uongeze 13 kwa hatua moja ya mwisho. Hapo hata safari ya kinyume inakuwa salama kurudiwa.

Hiyo 13-13-10 ipo kweli, na watu wa majedwali wanaijua sura yake. Programu ya Python inayoandika jedwali la CSV kwenye Windows hutoa 13-10 mwishoni mwa kila safu, kama kanuni ya CSV inavyopendekeza. Kisha Python yenyewe, ikiwa kwenye Windows, inapoliandika faili huitanguliza kila 10 kwa 13 nyingine. Jedwali likifunguliwa kwa Excel, kila safu yenye takwimu inafuatwa na safu tupu. Dawa iko kwenye programu iliyoandika jedwali, ambako faili linapaswa kufunguliwa kwa newline="". Skripti yetu ikilikuta jedwali kama hilo, itaona 13 pweke, kisha jozi, na kutoa mistari miwili. Nadhani hivyo ndivyo sawa. Skripti ya kugeuza miisho ya mistari haina njia ya kujua kama mstari mtupu ulikusudiwa au ni ajali, na ikianza kubahatisha itafuta siku moja nafasi ambayo mshairi aliiacha kwa makusudi kati ya beti.

Mpaka hapa tumesoma faili zima kwa mkupuo. Kwa orodha ya miji haina neno. Kwa faili la gigabaiti kadhaa, kumbukumbu ya kompyuta ya kawaida inaweza kujaa kabla kazi haijaanza, kwa hiyo tusome kipande kwa kipande, tuseme baiti 65536 kila mara. Ndipo shida ya kweli inapojitokeza. Kisu kinaweza kuangukia katikati ya jozi: kipande kimoja kikaishia na 13, kinachofuata kikaanza na 10. Kipande cha kwanza kitasema 13 hii ni pweke, igeuzwe. Cha pili kitasema 10 hii ni ya kawaida, ibaki. Mstari mtupu umezaliwa mahali ambapo hapakuwa na kitu, pengine mara moja tu katika faili zima. Kosa la namna hiyo ni gumu kulikamata kuliko lile linaloharibu kila mstari.

Turudi nyuma tujiulize: mtu anayesoma baiti moja moja, akishaipita moja hawezi kuirudia, anahitaji kukumbuka nini ili asikosee? Hahitaji kukumbuka neno wala mstari. Anahitaji jibu la swali moja la ndiyo au hapana: baiti iliyopita sasa hivi, ilikuwa 13? Akikutana na 13, anaandika 10 papo hapo na kukumbuka ndiyo. Akikutana na 10 huku kumbukumbu yake ni ndiyo, haandiki kitu, kwa sababu mwisho wa mstari ule ameshauandika, kisha anasahau. Akikutana na 10 huku kumbukumbu ni hapana, anaiandika. Baiti nyingine yoyote anaiandika kama ilivyo na kusahau. Ni kama mlinzi wa lango anayekumbuka uso wa mtu mmoja tu, yule aliyepita mwisho. Faili liwe la baiti 12 au la gigabaiti 12, kumbukumbu inayohitajika ni ileile.

Wazo hilo, likiwekwa juu ya vipande, linakuwa hivi:

def geuza(chanzo, lengo, ukubwa=65536):
    iliishia_13 = False
    while True:
        kipande = chanzo.read(ukubwa)
        if not kipande:
            break
        if iliishia_13 and kipande[:1] == b"\n":
            kipande = kipande[1:]
        iliishia_13 = kipande.endswith(b"\r")
        kipande = kipande.replace(b"\r\n", b"\n")
        lengo.write(kipande.replace(b"\r", b"\n"))

Jina iliishia_13 ndilo lile jibu la ndiyo au hapana. Ndani ya kipande replace zetu mbili zinatosha. Jibu hilo linahitajika mpakani tu. Na namna ya kuijaribu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Usitafute faili kubwa ukaomba kisu kiangukie mahali pabaya. Weka ukubwa kuwa 1. Kila baiti itakuwa kipande chake, kila jozi itakatwa, na kama kuna kosa mpakani litajionyesha kwenye faili la maneno mawili. Kisha jaribu 2, 3 na 65536. Matokeo yote lazima yalingane baiti kwa baiti.

Msomaji makini atauliza: je, 13 au 10 haiwezi kuwa kipande cha herufi nyingine, tukaiharibu? Inategemea faili limeandikwa kwa mpangilio gani. Kiswahili huandikwa karibu chote kwa herufi za ASCII, baiti moja kwa herufi, lakini andika ng’ombe kwenye programu ya ofisi na ile alama ya juu itapindwa kuwa ’, ambayo haimo katika ASCII. Katika UTF-8, mpangilio uliobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, alama hiyo ni baiti tatu: 226, 128, 153. Zote zimevuka 127. Hilo ni sharti la UTF-8: herufi yoyote inayohitaji zaidi ya baiti moja hutumia baiti za 128 kwenda juu peke yake. Kwa hiyo ukikuta 13 au 10 ndani ya faili la UTF-8, ni 13 au 10 kweli, iwe maandishi ni ya Kiswahili, Kiarabu au Kichina.

UTF-16 haina ulinzi huo. Humo herufi nyingi ni baiti mbili, na thamani yoyote inaweza kujitokeza. Ipo herufi ya Kimalayalam, lugha ya Kerala nchini India, ഊ, ambayo katika UTF-16 yenye kutanguliza baiti kubwa ni 13 ikifuatwa na 10. Skripti yetu ingeiona kuwa mwisho wa mstari, ingeondoa baiti moja, na kila herufi baada yake ingesogea nusu hatua na kuwa takataka.

Bahati nzuri UTF-16 hujifichua yenyewe. Nafasi kati ya maneno humo ni 0 na 32, na T yetu ni 0 na 84, kwa hiyo faili limejaa sifuri. Maandishi ya kawaida ya UTF-8 hayana sababu ya kuwa na baiti 0 hata moja. Git, programu ambayo waandishi wa programu huitumia kutunza matoleo ya kazi zao, hutazama baiti 8000 za mwanzo. Ikikuta 0, hulihesabu faili kuwa si maandishi. Tuige:

if b"\0" in chanzo.read(8000):
    print(jina, "limerukwa")

Na likipita, turudi mwanzo wa faili kwa chanzo.seek(0) kabla ya kuanza kugeuza.

Bado kuandika. Usifungue faili lilelile kwa "wb", kwa sababu amri hiyo hulifuta kwanza ndipo ikusubiri uandike. Umeme ukikatika katikati, una nusu ya faili, na nusu nyingine haipo popote. Andika kwenye faili jipya ndani ya folda ileile, lifunge, kisha ita os.replace ili lichukue nafasi ya lile la zamani kwa hatua moja. Kuna jambo dogo lililo rahisi kusahaulika hapa: faili jipya halirithi ruhusa za la zamani, na ile skripti ya bash uliyotaka kuiponya inaweza kutoka haina 13 na pia haina ruhusa ya kuendeshwa. Kwa hiyo shutil.copymode iitwe kabla ya kubadilisha nafasi.

Mstari wa mwisho usio na 10 mwishoni uachwe ulivyo. Kuuongezea ni kazi nyingine, yenye sababu zake na wapinzani wake.

Ukiiendesha skripti juu ya folda nzima, mapema au baadaye itakutana na picha, na hapo kuna watu waliotutangulia. Waliobuni aina ya picha ya PNG, katikati ya miaka ya 1990, walijua kwamba programu za kuhamisha mafaili hupenda kugeuza miisho ya mistari hata kwenye vitu visivyo na mistari. Wakaamua kila PNG ianze kwa baiti nane hizi: 137 80 78 71 13 10 26 10. Hizo 80 78 71 ni herufi PNG. Ile 137 imevuka 127, kwa hiyo hujulisha kama kuna njia iliyokata baiti hadi ASCII tupu. Ile 13-10 ni mtego kwa skripti kama yetu: ikigeuzwa kuwa 10, msomaji wa picha anajua papo hapo kwamba faili limeguswa. Ile 10 ya mwisho, iliyo peke yake, ni mtego kwa wanaogeuza upande wa pili. Na 26 iliifanya amri ya MS-DOS ya kuonyesha maandishi isimame hapo, isije ikamwaga picha nzima kwenye kioo kama herufi za ajabu.

Baada ya hizo nane hufuata urefu wa sehemu ya kwanza ya picha, ambao kwa kila PNG ni baiti 13, na huandikwa hivi: 0 0 0 13. Hiyo 13 ni idadi tu, haihusiani na mashine yoyote ya chapa, lakini kanuni yetu ingeigeuza kuwa 10 bila kusita. Haitaifikia. Kwenye baiti ya 9 kuna 0, na skripti inachapa jina la picha, inasema limerukwa, na kwenda kwenye faili linalofuata.